Mikoko ya Mvita na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa Mvita, huenda msomaji akastaajabu kuona ukurasa huu, ambao desturi yake ni kueleza mambo ya swala na funga, ndoa na mirathi, leo wazungumza habari za miti iotayo katika matope. Atasema, "Mikoko yahusu nini na dini?" Jawabu letu ni kwamba dini yetu haikuishia mlangoni mwa msikiti. Kila jambo ambalo ndani yake mna haki ya mtu mwingine, sharia ina neno juu yake. Na katika mikoko iliyozunguka kisiwa hiki mna haki za watu wengi: haki ya mvuvi, haki ya mkaazi wa ufukweni, na haki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Haki hizo zapotea machoni petu mchana kweupe, na haitujuzii kunyamaza.

Na tutazame kwanza neema yenyewe, kwani asiyeijua neema hajui alichopoteza. Kisiwa chetu kimekumbatiwa na maji pande zote. Kaskazini lipo Hori la Tudor, ambamo huingia mito ya Kombeni na Tsalu. Kusini na magharibi ni Kilindini na Hori la Port Reitz, ambamo huingia mto wa Mwache. Hapo maji matamu yakutanapo na maji ya chumvi, jambo ambalo Qur'ani katika Sura ya Al-Furqan yalihesabu kuwa ni katika dalili za uwezo wa Mola, pameoteshwa miti isiyofanana na miti mingine. Mti wa shamba ukinyweshwa maji ya bahari hufa. Huu huishi ndani yake.

Katika pwani ya Kenya zipo aina 9 za miti hii, na wazee wetu walizijua kwa majina. Yupo mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu ya kaa. Yupo mchu, ambao mizizi yake hutokeza kama vidole ili ipate kuvuta pumzi maji yapwapo. Yupo mkandaa, ambao gome lake lilitumiwa kutengenezea ngozi na kutilia rangi. Yupo mlilana, usimamao mbele ya wenziwe wote kuikabili bahari. Na wapo muia na mkomafi na wengineo. Na katika maajabu ya mkoko ni kwamba mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, ikarefuka kama mkuki, ndipo ianguke topeni ikashika. Mama hamwachi mwanawe aende baharini mpaka ampe kwanza mguu wa kusimamia. Je, aliyepanga hayo ameyapanga bure?

Mizizi hiyo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ardhini. Hulikamata tope liletwalo na mito, likatulia, na ufuko ukainuka kidogo kidogo. Humo huzaliwa na kukulia kamba na kaa na samaki wengi ambao mvuvi huja kuwavua mbali, wala hajui kwamba malezi yao yalikuwa horini. Na nyumba zetu za Mji wa Kale zina deni kwa mti huu. Dari zake zimebebwa na boriti, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo sababu chumba cha kale ni kirefu lakini chembamba. Majahazi yalichukua boriti kutoka Lamu hadi Bara Arabu na Ghuba, yakarudi na tende na mazulia. Vizazi vingi vimelala chini ya mikoko vikiwa ndani ya nyumba zao.

Sasa tutazame tulivyoilipa neema hiyo. Kwa hesabu ya mpango wa serikali wa kuhifadhi mikoko uliotolewa mwaka 2017, Kenya nzima ina hekta 61,271 za mikoko; zaidi ya nusu ziko Lamu, na Mombasa ina hekta 3,771 tu. Na hizo chache zilikuwa zimekwisha kujeruhiwa. Wataalamu walipolinganisha hali ya mwaka 1992 na ya mwaka 2009 waliona kwamba katika miaka 17 Hori la Tudor lilipoteza kiasi cha sehemu 87 katika kila sehemu 100 za mikoko waliyoipima, na Mwache ikapoteza sehemu 45.

Sababu zake si moja. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka mashamba ya juu yaliyokwisha kuachwa bila miti, na tope hilo likaifunika mizizi, mti ukakosa pumzi, ukafa umesimama. Kabla ya hapo, mwaka 1988, mafuta yalimwagika katika Hori la Makupa, na mikoko ikaungua kwa sumu yake. Kila siku maji machafu ya majumbani huteremka horini. Wapo wakatao kuni za kupikia na za kuuza. Wapo wapikao pombe humo humo ndani ya mikoko, wakachoma mti wa halali kwa kazi ya haramu, wakapata dhambi juu ya dhambi. Na wapo wamwagao kifusi juu ya tope, wakaja baadaye na karatasi mkononi wakisema, "Kiwanja hiki ni changu."

Juu ya hayo yote limezuka jambo kubwa zaidi, nalo ni kugeuka kwa hali ya hewa ya dunia. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta uliotolewa na viwanda na magari kwa zaidi ya karne moja umejaza angani hewa ya ukaa, nayo huzuia joto lisitoke. Bahari ikipata joto hutanuka, na barafu ya milimani na ya pande za ncha za dunia ikiyeyuka huongeza maji. Taarifa ya wataalamu wa mataifa ya mwaka 2021 yasema kwamba kina cha bahari duniani kilipanda kwa kiasi cha sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba mwendo wa kupanda huko unazidi kuharakisha. Hewa iliyopata joto nayo hubeba maji mengi zaidi, na mvua ikija huja kwa kishindo, ikashusha tope lile lile liuwalo mikoko.

Mtu asidhani sentimita 20 ni kitu kidogo. Apimaye bahari kwa siku ya kawaida hataona tofauti. Lakini ije bamvua, upepo wa kusi uwe umekaza, na mvua inanyesha, hapo ndipo kila kidole kimoja cha maji huwa na maana. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa baina ya mwaka 1593 na 1596, imelazimika miaka ya karibuni kujengewa ukuta mbele yake kuikinga na mawimbi. Ukuta ule ulitaka fedha, na utataka tena kila utakapobomoka. Mkoko ni ukuta ujijengao na kujitengeneza wenyewe. Maadamu mizizi i hai na tope laja kwa kiasi, ardhi yake huinuka pamoja na bahari. Na maji yakizidi, msitu hurudi nyuma polepole kuelekea juu, ikiwa nyuma yake pana nafasi. Lakini tumeujengea nyumba na kuta nyuma yake. Mbele yaja bahari, nyuma pana saruji. Basi uende wapi?

Tena tope la mikoko ni hazina. Majani na mizizi iliyooza humo kwa mamia ya miaka imezika hewa ya ukaa nyingi mno, kiasi kwamba hekta moja ya mikoko huhifadhi kuliko hekta moja ya misitu mingi ya nchi kavu. Akataye mikoko na kulifukua tope lake amevunja ngao yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemwongezea adui silaha.

Tunasikia barazani maneno mawili juu ya jambo hili. La kwanza ni la wale wasemao, "Hii ni kazi ya Mungu, bahari ni yake, akitaka kuipandisha ataipandisha." Twaamini kwa yakini kwamba hakuna litokealo ila kwa kadari yake. Lakini Qur'ani hiyo hiyo katika Sura ya Ar-Rum yatufahamisha kwamba ufisadi udhihirikao nchi kavu na baharini ni chumo la mikono ya watu, na kwamba wanaonjeshwa baadhi ya waliyoyatenda ili wapate kurejea. Makusudio ya adhabu hiyo ni kurejea. Si kukaa barazani tukahesabu mawimbi. Na yule bwana aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Mikoko ndiyo kamba ya kisiwa hiki. Aikatae kamba kisha aseme, "Namtegemea Mungu," huyo hakutegemea, amepuuza.

Neno la pili ni la wale wasemao, "Moshi huo si wetu. Waliouchoma ni mataifa ya Ulaya na Marekani na wenzao. Sisi tuna dhambi gani?" Katika hili mna ukweli, wala hatuukani. Sehemu ya Afrika katika moshi huo ni ndogo mno, na ni dhulma kwamba aliyechoma kidogo ndiye aumiaye mwanzo. Yafaa tudai haki yetu kwa sauti kubwa katika mabaraza ya mataifa. Lakini mtu akijua kwamba jirani yake ameacha moto karibu na ukuta, je, ataubomoa ukuta kwa kuwa moto si wake? Moshi ni wa wengine. Mikoko ni yetu. Siku ya Hisabu hatutaulizwa juu ya viwanda vya watu wa mbali. Tutaulizwa juu ya amana iliyokuwa mkononi mwetu.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Amesimulia Nu'man bin Bashir, na Bukhari akaipokea, mfano alioutoa Mtume (s.a.w.) wa watu waliopanda chombo kimoja wakagawana nafasi kwa kura. Wengine wakapata juu, wengine chini. Wale wa chini kila watakapo maji huwapitia wenzao wa juu. Mwishowe wakaona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwaudhi wenzao. Mtume akabainisha kwamba wakiachwa wafanye watakavyo, wote huangamia. Na wakizuiwa mikono yao, wote huokoka.

Wengi wetu tumeusikia mfano huu katika darsa, na kwa watu wa bahari kama sisi hauhitaji tafsiri ndefu. Lakini tuuzingatie vizuri. Wale wa chini hawakuwa mahasidi. Walikuwa na kiu, na nia yao haikuwa kudhuru. Na wale wa juu, maji yalikuwa karibu nao. Basi wajibu wa wa juu ulikuwa mambo mawili: kuushika mkono utoboao, na kumpa maji mwenye kiu. Atakayefanya la kwanza akaacha la pili, amewaacha wenzake na kiu ile ile, na usiku watarudi na shoka.

Hii ndiyo hali ya mahori yetu. Yupo mtu wa Mikindani au Jomvu au Kisauni ambaye hana gesi wala fedha za makaa, na watoto wangoja chakula. Huenda horini akakata mchu. Sharia haikumwacha mtu huyu. Dharura ina hukumu yake. Lakini mafakihi wamebainisha pia kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, na kwamba haiondoi haki ya mwingine. Mwenye njaa akila chakula cha mwenzie hana dhambi, lakini deni lake lipo. Basi anayekata mikoko kwa dhiki hatumwiti fasiki, lakini hatumwambii kuwa hakuna aliyedhurika. Aliyedhurika ni mvuvi ambaye nyavu zake hurudi tupu, na jirani ambaye maji yameingia ukumbini.

Na tutazame alivyofanya Seyyidna Umar bin Khattab (r.a.). Alitenga ardhi ya malisho ikawa hima, yaani mahali palipohifadhiwa kwa maslaha ya Waislamu, akamweka mlinzi aitwaye Hunayy. Akamwusia awe mpole kwa watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa. Awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao walikuwa masahaba watukufu, lakini walikuwa matajiri, na mifugo yao ikifa wanayo mashamba ya kurejelea. Maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Hiyo ndiyo hifadhi ya Kiislamu: huanza kwa kumzuia mwenye nguvu, na humfikiria mnyonge kabla hajaomba. Ama sisi leo mara nyingi twafanya kinyume. Mama mwenye mzigo wa kuni hukamatwa, na mwenye malori ya kifusi hupigiwa saluti.

Na hapa twataka kuondoa shubuha moja. Wapo wasemao kwamba tope la hori ni ardhi mfu, na sharia yampa milki mwenye kuihuisha ardhi mfu. Hii ni hoja ya kupotosha. Mafakihi hawakuhesabu kuwa ni mfu ardhi ambayo maslaha ya watu yamefungamana nayo, kama njia yao, malisho yao, na kingo za mito na visima vyao. Tope lenye mikoko ndilo lililo hai kuliko viwanja vyetu vyote. Aliyelifukia kwa kifusi hakuhuisha kitu, ameua. Na kwa kanuni ya nchi pia, mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932. Ni mwaka ule ule ambao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa hapa Mombasa gazeti lake la Al-Islah, na maana ya islah ni kukitengeneza kilichoharibika. Basi karatasi yoyote atakayoonyeshwa mtu ya kiwanja cha ndani ya hori, naajue kwamba anunua haki ya umma. Na mali ya namna hiyo, hata ikijengewa msikiti juu yake, haiwi safi kwa msikiti.

Basi tufanye nini? Twawausia ndugu zetu, na kwanza twaziusia nafsi zetu, mambo matano.

La kwanza, atakayejenga au kutengeneza nyumba ya kale akahitaji boriti, na aulize zimetoka wapi na zimekatwa kwa idhini gani. Asiyejibiwa na asinunue.

La pili, mwenye uwezo asitie fedha yake katika kiwanja cha horini, hata kikiwa rahisi. Urahisi wake ndio dalili ya ubaya wake.

La tatu, tuwape maji wenye kiu. Katika sadaka zetu za Ramadhani, na katika mapato ya wakfu ambazo masharti yake yaruhusu, tuzipatie nyumba masikini za kandokando ya mahori majiko na gesi ya kupikia. Kila mtungi uingiao nyumba hizo huokoa mizigo ya kuni horini.

La nne, tuache kuyatupa machafu yetu majini. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kujisaidia penye maji watu waendapo, na njiani, na penye kivuli, akayaita mambo yaletayo laana. Mwenye nyumba ambaye mfereji wake wa choo waelekea baharini naajue kwamba hadithi hiyo yamsemesha yeye.

La tano, tupande, lakini tupande kwa ilimu. Kila mti una mahali pake: mlilana mbele, mkoko nyuma yake, mchu wenye kustahimili chumvi kali juu zaidi. Atakayechomeka miche popote, akapigwa picha akaenda zake, atakuta imekufa. Mara nyingi kilicho muhimu ni kuyafungulia maji njia yao, na miti huja yenyewe. Kwa miaka mingi tuta la Makupa liliyatenga maji ya Tudor na ya Port Reitz. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja mahali pake ili maji yapate kupita. Hilo ni jambo jema.

Na asiseme mtu kwamba haya hayawezekani. Gazi si mbali; ni huko Kwale, kwa ndugu zetu. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo huhesabiwa, wakalipwa na wanunuzi wa nje, na fedha hizo zikatumiwa kwa maji safi na mahitaji ya shule. Baadaye watu wa Vanga wakaufuata mwendo huo. Ikiwa wavuvi wa vijiji wameweza, itakuwaje mji wenye wafanya biashara na wanazuoni na misikiti kila mtaa ushindwe?

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na akatuamrisha kwamba hata Kiyama kikisimama naye mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Amri hiyo haikungoja tujue kama tutaishi kukiona kivuli chake. Chombo ni kimoja, ndugu zetu, na tundu limekwisha kuanza kutobolewa. Tuushike mkono utoboao, na tumpe maji mwenye kiu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe katika wenye kutengeneza, wala usitujaalie katika wenye kufisidi. Kihifadhi kisiwa chetu na watu wake, na utuamshe kabla hatujaamshwa na maji. Amin.

Wabillahi t-tawfiq.